Damu 'iko sawa', mwenyewe hoi!

Haya wapenzi wasomaji, nimerudi. Wiki tatu mfululizo kona hii mmeikuta haina mwenyewe, na maneno yenu yote yamenifikia. Wako waliosema nimeolewa kimyakimya. Wako waliosema nimekwenda zangu Muscat. Msichana mmoja pale Darajani alinishika mkono kabisa, mbele ya kaka wa ndizi, akaniuliza, "Dada, mbona hutuandikii, au umepata gazeti jengine?" Wapi, mpenzi! Nilikuwa kitandani. Na kilichonilaza si homa wala si mapenzi, ni karatasi ya maabara. Karatasi moja tu yenye namba kumi na kitu, ambayo mimi na kidato cha nne changu nilijiona naweza kuisoma.

Wale wa zamani mnajua kuwa nna tezi. Kwa wageni: shingoni, chini ya koo, mtu ana tezi yenye umbo la kipepeo, na kazi yake ni kuamua mwili uende mbio au polepole. Ikivimba wazee wetu huita rovu. Yangu haikuvimba, imelala tu. Askari wa mwili wangu wenyewe wameigeuka na kuishambulia. Ugonjwa huu alioueleza kwanza ni daktari mmoja wa Kijapani, Hashimoto, mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Dawa yake ni kidonge cha levothairoksini kila asubuhi, maisha. Mwaka wa pili huu nakinywa na nilikuwa nishazoea, nafanya mambo yangu, nacheka na watu.

Basi baada ya Idi mambo yakaanza kurudi nyuma. Nyumba yetu iko ghorofa ya tatu huku Mkunazini, na mnazijua ngazi za nyumba za mawe, kila moja na urefu wake kama zimejengwa na mtu mwenye hasira. Nikifika ya pili nakaa. Moyo unadunda. Nywele zinabaki kwenye kitana. Na kitu chengine ambacho nilikuwa naona haya kukisema: barafu. Natafuna barafu mchana kutwa, mpaka mdogo wangu akawa ananificha. Kabla ya barafu ilikuwa udongo, ule unaouzwa kwa vipande sokoni, nikawa nanunua nikisema ni wa mgonjwa nyumbani. Mgonjwa mwenyewe ndiye mimi!

Mama akasema ni kijicho cha watu, kwa sababu nimeposwa. Bosi wangu pale ninaposhona akasema ni uvivu wa bibi harusi. Shoga yangu, Mungu amhifadhi, yeye hakusema, alileta mkoba. Ndani mna vidonge vyekundu vya kuongeza damu na kichupa kizuri cha vitamini za nywele na kucha, picha ya mwanamke ana nywele mpaka kiunoni. Nikashukuru. Asubuhi ikawa hivi: kidonge cha tezi, kidonge cha damu, kidonge cha nywele, vyote kiganjani, mdomoni, na chai ya maziwa ya iliki juu yake. Miezi mitatu. Nikawa nazidi kuchoka, na nywele ndo kwanza zinakimbia.

Nikaenda kupima. Maabara gani sisemi, kosa halikuwa lao. Nikaomba vyote: wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini, tezi. Pesa ya kilemba ikaisha hapo. Karatasi ikarudi, na karibu kila mstari hauna alama. Pale kwenye tezi tu, TSH, imeandikwa 0.3 na pembeni kiwango chao ni 0.4 mpaka 4.0. Nikaionesha kwa kijana mmoja anayeuza dawa. Akaitupia jicho, akasema, "Sista, damu iko sawa. Ila dawa ya tezi imekuzidi. Kata nusu." Basi mimi na wembe, kila alfajiri, nakata kidonge nusu.

Siku ya kumi sikuinuka.

Sasa nyumba ya pili kutoka kwetu pana mzee mstaafu, zaidi ya miaka thelathini kachungulia darubini maabara. Si mjomba wangu wa damu lakini ndivyo tunavyomwita. Mama alimwambia, naye akasema nishushwe barazani na karatasi yangu. Nikashushwa kama harusi, huku na huku nimeshikwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hebu nipe hiyo barua."

Akavaa miwani. Muuza kahawa akapita na deli lake, mzee akachukua kikombe, mimi akanikatalia. Akasoma kimya mpaka nikaona kama ni barua ya posa na jibu ni hapana.

"TSH unajua ni kitu gani?"

Nikamwambia ni homoni ya tezi. Akatikisa kichwa. "Ndipo mnapopotea wote. Haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Chukulia bi mkubwa yuko juu ghorofani, mpishi yuko chini jikoni. Mpishi akizembea, bi mkubwa anapiga makelele. TSH ndiyo hayo makelele. Ikipanda, maana yake mpishi kalala. Ikishuka, mpishi anapika kupita kiasi na bi mkubwa kanyamaza."

Kwa hiyo namba ya juu ni tezi ya chini, na ya chini ni tezi ya juu! Nani angejua? Miaka miwili namiliki ugonjwa huu na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Na mimi kuuliza sikuuliza, nijilaumu na mwenyewe.

"Hapa pameandikwa 0.3," akaendelea. "Mpishi wako anapika sana. Haya, niambie: unatetemeka? Joto linakusumbua? Umekonda?" Nikasema hapana, nalala kama gogo, uso umenivimba, choo kigumu, na usiku najifunika blangeti watu wote wanapepea. Akacheka kidogo. "Basi karatasi inasema hivi na mwili unasema vile. Mmoja muongo. Unakula vidonge gani vyengine?"

Mdogo wangu akapanda kuleta mkoba. Mzee akaviweka vichupa barazani kimoja kimoja, akakigeuza kile cha nywele, akasoma maandishi madogo nyuma. "Huyu hapa," akasema. "Huyu ndiye muongo wako."

Wapenzi, sikilizeni hapa, maana najua wengi kati yenu mna kichupa hichi kwenye meza ya kujipambia. Ndani yake mna vitamini inaitwa biotini. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku, na chakula cha kawaida kinatosha. Kidonge changu kimoja kilikuwa na 10,000. Mwilini haina ubaya mkubwa, lakini mashine nyingi za kupimia homoni hutumia biotini hiyo hiyo kama gundi ndani ya kipimo. Damu ikija imejaa biotini, gundi inachanganyikiwa. TSH inatoka chini kwa uongo na homoni yenyewe ya tezi inatoka juu kwa uongo. Karatasi inamchora mtu ambaye tezi yake inakimbia, kumbe imelala fofofo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 2017. Mimi nilikinywa asubuhi ile ile ya kupima, nipendeze mbele ya nesi.

Mzee akaniambia niviache vile vya nywele wiki nzima, nirudi kwenye kidonge kizima cha tezi, kisha nipime tena. Siku mbili huenda zikatosha kwa wengine, akasema, lakini kwa dozi ile ya farasi bora wiki. Akanisisitiza kuwa yeye si daktari, na siku nikipata majibu niende spitali kwa daktari, si kwa dirisha la dawa wala kwake. Nilipopima mara ya pili TSH ilikuwa 9.8. Kutoka 0.3! Bi mkubwa kumbe alikuwa anapiga makelele mpaka koo limemkauka, ila mlango ulikuwa umefungwa.

Lakini tulikuwa hatujamaliza karatasi. Mzee akateremka mpaka kwenye hemoglobini: 12.1. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu. Nimepita kwa pua tu. Chini yake feritini: 13. Maabara wameandika kiwango 10 mpaka 150, kwa hiyo hakuna alama, nimepita pia.

"Hukupita," akasema mzee. "Hemoglobini ni bidhaa zilizoko dukani, kwenye rafu. Feritini ni ghala. Mtu akiingia dukani anaona rafu zimejaa anasema mwenye duka tajiri. Nenda ghalani ukaone, umebaki mchele wa kufagia." Shirika hilo hilo la Afya linahesabu kuwa mtu mzima ambaye hana homa wala maradhi mengine, feritini ikiwa chini ya 15, ghala lake ni tupu. Maabara kila moja ina kiwango chake, na wengine mstari wao wa chini umeshuka mno kwa sababu wamepima wanawake wengi, na wengi wetu ndivyo tulivyo. Ukiwa kama wenzio haina maana kuwa mzima.

Na kuna mtego mwengine. Feritini hupanda mtu akiwa na homa, jipu au maradhi ya uvimbe wowote mwilini. Ningepima wakati naumwa, 13 yangu pengine ingetoka 60 na ningepiga vigelegele. Kwa hiyo ukienda kupima na unaumwa, sema.

Namba moja ndogo ilikuwa na alama na mimi nikaipuuza: ukubwa wa chembe nyekundu, 78, na wao wanataka 80 mpaka 100. Chembe zikikosa chuma huwa ndogo. Zikikosa vitamini B12 au foliki asidi huwa kubwa, na tezi iliyolala nayo inaweza kuzifanya kubwa. Ila mzee akatahadharisha: huku kwetu pwani wako watu wengi waliorithi chembe ndogo kwa wazee wao, aina ya thalasemia isiyo na makali, na ghala lao limejaa. Huyo ukimpa vidonge vya chuma unamwongezea mzigo bure. Ndiyo maana hizi namba zinasomwa pamoja, kama watu wa nyumba moja, humwulizi mmoja ukaondoka.

Barafu na udongo je? Nikamwambia mzee kwa haya, macho chini. Wala hakushangaa. Hamu ya kula visivyoliwa ni dalili ya zamani ya kukosa chuma. Jamani, mnaonunua udongo kwa jina la mgonjwa wa nyumbani, mnanisikia.

Sasa chuma na tezi vinakutana wapi? Kwanza, tezi yenyewe inahitaji chuma ili itengeneze homoni. Pili, tezi ikilala, siku zetu zile za mwezi huja nyingi na ndefu, na damu ndiyo chuma, kinamwagika. Tatu, baadhi ya wenye ugonjwa huu wa Hashimoto tumbo lao nalo linashambuliwa, asidi inapungua, chuma na B12 havifyonzwi vizuri. Na la nne ndilo lililonimaliza mimi: kidonge cha chuma kikikutana tumboni na kidonge cha tezi vinashikana, na levothairoksini haiingii mwilini inavyotakiwa. Daktari anataka viachane masaa manne. Kalisiamu vilevile. Chai nayo inazuia chuma kisiingie. Kwa hiyo asubuhi zangu zote zile nilikuwa nakunywa dawa tatu, moja inazuia nyengine, chai inazuia ya pili, na ya tatu inadanganya mashine. Hata mchawi asingenipangia vizuri zaidi.

Kwenye vitamini D tulicheka. Mimi nilipata 45, shoga yangu aliyepima maabara nyengine alipata 22, na nilikuwa nishamsimanga wiki nzima kuwa yeye ndiye mgonjwa. Mzee akaomba karatasi zote mbili. Yangu imepimwa kwa nanomoli kwa lita, yake kwa nanogramu kwa mililita. Hiyo ya pili unaizidisha kwa mbili na nusu ndipo unalinganisha. Yake inakuwa 55. Mwenye upungufu ni mimi, maana wengi huhesabu kuwa chini ya 50 kwa kipimo changu, au 20 kwa kipimo chake, haitoshi. Kisiwa kizima jua, na mtu anakosa vitamini ya jua! Lakini tazama: alfajiri niko ndani, mchana niko kwenye cherehani ndani, jioni natoka na baibui langu, na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza. B12 yangu ilikuwa nzuri, nashukuru dagaa.

Nikauliza, kwa nini basi wasitupe vidonge vya chuma sote, tumalize? Hapo mzee akavua miwani. Akanikumbusha habari ya Pemba, na wengi wetu hatuijui japo ilitokea nyumbani kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palifanyika utafiti mkubwa kule, wa watoto wadogo wasiozidi miaka mitatu, kuwapa chuma na foliki asidi wote bila kupima nani anahitaji. Malaria wakati ule ilikuwa kali. Mwaka 2003 wakaisimamisha sehemu ile ya chuma, kwa sababu watoto waliopewa walikuwa wanalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2006: hatari ilipanda kwa asilimia 12. Lakini wale waliopimwa wakakutwa kweli hawana chuma na damu ni chache, na wakatunzwa vizuri, wao kiliwafaa. Dunia nzima ikabadilisha fikra kwa watoto wa Pemba. Na mimi nilikuwa nabugia kwa sababu kidonge chekundu kina rangi ya damu.

Jirani mmoja aliyekuwa anasikiliza akarukia, akasema tatizo ni madini joto, ninywe maji ya mwani kutoka Paje. Mzee akamtazama tu. Madini joto yakikosekana tezi inavimba, kweli, na msidhani kwa kuwa tunakula samaki tumesalimika. Utafiti mmoja uliochapishwa 2006 ulikuta chumvi yenye madini joto kwenye nyumba kama 64 kwa kila 100 hapa Unguja, na Pemba nyumba 1 kwa 100. Rovu lilikuwepo kote kuwili, Pemba zaidi. Lakini tezi yangu haina njaa ya madini joto, imepigwa na askari wa nyumbani, na madini hayo yakizidi yanaweza kuichokoza zaidi. Na kwenye kikombe cha mwani hakuna aliyepima yamo kiasi gani. Chumvi ya pakiti inanitosha.

Basi daktari niliyemwona baadaye hakuniongezea hata dawa ya tezi. Alisema kwanza tuipe nafasi iingie, tupime tena baada ya wiki sita mpaka nane, maana TSH haibadiliki kwa haraka. Aliniuliza kuhusu siku zangu, akanipima choo kutafuta minyoo, kwa sababu safura inanyonya damu kimyakimya. Sasa saa 11 alfajiri, baada ya sala, kidonge cha tezi na maji matupu. Chai si kabla ya saa 12. Kidonge cha chuma saa 6 mchana kwa maji ya ndimu, na chai nyengine mpaka alasiri. Maini mara moja kwa wiki, mchicha na dagaa siku zote. Nimemuuliza na Ramadhani, akasema kidonge cha tezi naweza kukihamishia usiku, tumbo likiwa tupu masaa matatu manne baada ya kula, ila nisijihamishie mwenyewe, nipite kwake kwanza. Ghala, amesema, litachukua miezi kujaa.

Sijapona, msije mkadhani. Leo nimeandika nimekaa kitako, si haba.

Kilichobaki ni kile kilichokuwa kinanikosesha usingizi hata nilipokuwa nasinzia mchana kutwa. Upande wa mchumba wangu kuna shangazi yake aliyepata fununu za shingo yangu, na neno lililokuwa linazunguka ni kwamba mimi si wa kuzaa. Nilimuuliza daktari waziwazi, mlango umefungwa. Akasema tezi ikilala bila dawa, mimba inaweza kuwa na taabu kupatikana na kukaa. Ikiwa imetulizwa, wanawake wenye hali yangu wanazaa. Nisubiri namba zitulie kwanza, na siku nikijihisi mjamzito nije mbio, kwa sababu dozi mara nyingi hupandishwa mapema.

Nikaenda na hayo Forodhani, magharibi, mimi na mchumba na mdogo wangu wa kutuchunga, anakula urojo hatusikii. Nilimweleza kila kitu, tangu bi mkubwa na mpishi mpaka udongo. Karatasi zote mbili nikampa. Alizitazama muda mrefu, nikawa nahesabu ngalawa baharini ili nisimtazame yeye.

Mwishowe akakunja karatasi, akanirudishia.

"Kwa hiyo mimi chai yangu ya asubuhi nitaipata saa 12?"

Nikamwambia saa 12, akitaka mapema aipike mwenyewe.